Alishapona, lakini moyo wake ulitazamwa lini?



Ndugu wasomaji, katika nyumba zetu lipo neno linalosemwa kwa furaha, nalo linastahili furaha hiyo: "Huyu alizaliwa na tundu kwenye moyo, akafanyiwa upasuaji, alishapona." Mzazi anayelitamka amepita katika mengi. Amelala juu ya mkeka katika korido za hospitali, amechangiwa nauli na jamaa na majirani, na huenda amepanda ndege kwenda India na mtoto aliyepakatwa, kisha akarudi naye akiwa hai. Hapana anayeweza kumlaumu kwa kulifunga jambo hilo na kuliweka kabatini.

Hata hivyo, neno "alishapona" limebeba hatari ndani yake. Moyo uliotengenezwa utotoni unaweza kufanya kazi vyema miaka kumi, ishirini na zaidi, huku ndani yake kukiendelea jambo ambalo mwenyewe halihisi. Jambo hilo huonekana katika picha kabla ya kuonekana katika mwili. Ndiyo maana mada yetu ya juma hili ni vipimo vya picha za moyo kwa watu waliozaliwa na kasoro ya moyo, hususan wale ambao familia zao zinaamini kwamba habari imekwisha.

Kasoro nne katika moyo mmoja

Katika kila watoto 100 wanaozaliwa duniani, takriban mmoja huzaliwa na kasoro ya moyo. Nyingi kati ya kasoro hizo ni ndogo, na baadhi ya matundu hujifunga yenyewe. Nyingine haziachi nafasi ya kungoja. Tutachukua moja iwe mfano wetu, nayo ni Tetralojia ya Fallot, iliyopewa jina la daktari Mfaransa wa mji wa Marseille aliyeieleza kwa kina mwaka 1888.

Moyo una vyumba vinne: viwili vya juu vinavyopokea damu, na viwili vya chini vinavyoisukuma. Chumba cha chini cha kulia husukuma damu kwenda mapafuni kuchukua hewa safi. Cha kushoto huisukuma kwenda mwili mzima. Kati ya vyumba hivyo viwili vya chini upo ukuta. Mtoto mwenye Tetralojia ya Fallot ana mambo manne kwa pamoja: ukuta huo una tundu kubwa, njia ya kwenda mapafuni ni nyembamba, mshipa mkuu wa mwili umesogea na kukaa juu ya tundu, na nyama za chumba cha kulia zimekuwa nene kwa sababu ya kusukuma kwa nguvu kupita kiasi. Matokeo yake ni damu isiyo na hewa ya kutosha kuingia mwilini. Midomo na kucha hugeuka rangi ya samawati, na kwa watoto wenye ngozi nyeusi yafaa kutazama ulimi na fizi. Wengi wao wakicheza kidogo huchutama ili kupumzika, na mama makini huiona tabia hiyo kabla ya daktari.

Ukuta huo wa moyo una historia ambayo yafaa watoto wetu waijue. Kwa karne nyingi matabibu walifuata kauli ya Galen, aliyesema kwamba damu hupenya kutoka upande wa kulia kwenda kushoto kupitia vijitundu visivyoonekana ndani ya ukuta. Mnamo mwaka 1242, Ibn al-Nafis, tabibu wa asili ya Damascus aliyefanya kazi Cairo na kufariki huko mwaka 1288, aliandika sharhe ya sehemu ya Qanun ya Ibn Sina inayohusu maumbile ya mwili. Humo alikataa kauli ya Galen. Alisema ukuta ule ni mzima, hauna tundu la kuonekana wala la kufichika, na kwamba damu haina budi kupitia mapafuni kwanza. Mtoto mwenye Tetralojia ya Fallot amepata msiba katika mambo yote mawili aliyoyataja Ibn al-Nafis: ukuta unaopaswa kuwa mzima umetoboka, na njia ya mapafuni imebanwa.

Upasuaji hurekebisha yote mawili. Tundu huzibwa kwa kiraka, na njia nyembamba hupanuliwa. Mwaka 1954, Walton Lillehei na wenzake wa Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani ndio waliofanya marekebisho kamili ya kwanza, wakati mashine ya kuushika mkono moyo ilikuwa bado haijaenea. Mzunguko wa damu wa mgonjwa uliunganishwa na wa mtu mwingine mzima aliyelala kando, moyo wa mmoja ukafanya kazi ya miili miwili hadi kiraka kikashonwa. Leo mashine inafanya kazi hiyo, na hapa kwetu Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyopo katika eneo la Muhimbili jijini Dar es Salaam, huwafanyia watoto upasuaji wa moyo bila ya kuwapeleka ng'ambo.

Valvu inayovuja bila kelele

Sasa tufike kwenye kiini. Ili kupanua njia ya mapafuni, mara nyingi daktari hulazimika kuikata valvu iliyopo pale, yaani kile kilango kinachoruhusu damu kwenda mbele na kuizuia isirudi. Mtoto anaokoka, midomo inarudi rangi yake, anakimbia na wenzake. Lakini kilango hakifungi tena sawasawa. Kila pigo la moyo hupeleka damu mapafuni, na sehemu ya damu hiyo hurudi nyuma ndani ya chumba cha kulia.

Kwa miongo mingi madaktari wenyewe waliuona uvujaji huo kuwa jambo dogo, kwa sababu wagonjwa walionekana wazima. Walipoanza kuwafuatilia hadi utu uzima, na kuipima mioyo yao kwa vipimo vipya, ndipo ilipobainika kwamba chumba cha kulia hupokea mzigo wa ziada mchana na usiku, kikatanuka kidogo kidogo kama mfuko unaojazwa kupita kipimo chake. Kikitanuka sana nyama zake huchoka, mapigo yanaweza kwenda mrama, na kwa baadhi ya wagonjwa huja kushindwa kwa moyo au kifo cha ghafla.

Kwa nini mwenyewe hahisi? Kwa sababu mabadiliko huja polepole mno. Kijana hajilinganishi na wenzake. Hujilinganisha na alivyokuwa jana. Akiacha kupanda ngazi, husema amekuwa mvivu. Akiacha mpira, husema masomo yamekuwa mengi. Mama husema, "Mwanangu huyu kazaliwa mtulivu." Kumbe utulivu huo ni moyo unaojipunguzia kazi.

Tiba ipo: kuweka valvu nyingine, ama kwa upasuaji ama kwa mpira mwembamba unaopitishwa katika mshipa wa paja. Njia hii ya pili ilifanywa kwa mara ya kwanza mwaka 2000 na Philipp Bonhoeffer huko Paris, kwa mvulana wa miaka 12. Tatizo ni wakati. Valvu ya kuwekewa haidumu maisha yote. Ile ya nyama huchakaa baada ya miaka kadhaa, kwa wengi kati ya kumi na kumi na tano, ikahitaji nyingine. Ukiiweka mapema mno, unamzidishia mgonjwa idadi ya safari za kwenda kubadilishiwa. Ukichelewa, chumba kilichotanuka hakirudi tena katika umbo lake hata valvu ikiwa mpya. Baina ya mapema na kuchelewa ipo nafasi, na nafasi hiyo hutambuliwa kwa namba zinazotokana na picha. Mwongozo wa madaktari wa moyo wa Ulaya wa mwaka 2020, kwa mfano, unataka valvu ifikiriwe hata kwa asiye na dalili, ikiwa uvujaji ni mkubwa na chumba cha kulia kinaendelea kutanuka hadi kufikia mililita 160 kikiwa kimejaa, au 80 kikiwa kimejikamua, kwa kila mita moja ya mraba ya eneo la mwili. Hakuna sikio, hakuna kidole juu ya mshipa, na hakuna uzoefu wa mzazi unaoweza kuhesabu mililita hizo.

Kila kipimo na kazi yake

Wasomaji wengi huuliza kwa nini daktari anaandika kipimo kingine ilhali kimoja kimeshafanyika. Jibu ni kwamba vipimo hivi si ndugu wa kurithiana. Kila kimoja kina jicho lake.

Cha kwanza ni ekokadiogramu, ambayo watu huiita eko. Hutumia mawimbi ya sauti, haina mionzi, haina maumivu, na hufanyika hata kwa mtoto aliye tumboni, kwa kawaida kati ya wiki ya 18 na 22 ya ujauzito. Ilianzia mjini Lund, Sweden, mwaka 1953, pale daktari Inge Edler na mwanafizikia Hellmuth Hertz walipoazima kutoka kiwanda cha meli chombo cha kutafutia nyufa katika chuma, wakakielekeza kwenye moyo. Eko ndiyo nguzo ya ufuatiliaji wote: inaonyesha matundu, valvu, mwelekeo wa damu, na hukadiria shinikizo. Udhaifu wake ni kwamba mifupa na hewa ya mapafu huizuia, na chumba cha kulia kimejificha nyuma ya mfupa wa kifua kikiwa na umbo lisilo la kawaida. Kadiri mtoto anavyokuwa mtu mzima, ndivyo chumba hicho kinavyozidi kuwa kigumu kupimwa kwa eko peke yake.

Cha pili ni CT-Scan. Hii hutumia mionzi ya eksirei ikizunguka mwili, kisha kompyuta huunganisha picha. Miongoni mwa waliotengeneza hesabu zake ni Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, aliyeanza kazi hiyo Cape Town katika miaka ya 1950, akaja kushiriki Tuzo ya Nobeli mwaka 1979 pamoja na Mwingereza Godfrey Hounsfield. Sifa yake ni kasi: picha hupatikana kwa sekunde chache, hivyo inafaa kwa mtoto mchanga asiyetulia, na kwa mtu mwenye chuma ndani ya mwili. Inaonyesha vyema mishipa inayolisha moyo wenyewe, ambayo kwa baadhi ya wenye Tetralojia ya Fallot hupita mahali ambapo kisu cha daktari kingepita. Gharama yake kwa mwili ni mionzi, kwa hiyo haifai kurudiwa ovyo, na ni dawa ya kung'arisha picha, ambayo mwenye ugonjwa wa figo lazima amweleze daktari habari zake kabla hajachomwa.

Cha tatu ni MRI ya moyo. Haitumii mionzi ya eksirei bali sumaku yenye nguvu na mawimbi ya redio. Hiki ndicho kipimo kinachotegemewa zaidi kuhesabu ukubwa wa chumba cha kulia, kiasi cha damu kinachorudi nyuma kwa kila pigo, na makovu katika nyama za moyo. Kwa kuwa hakina mionzi, kinaweza kurudiwa baada ya miaka kadhaa na namba zikalinganishwa, na ulinganisho huo ndio wenye faida kubwa kuliko picha moja.

Cha nne ni katheta, yaani mpira mwembamba unaoingizwa katika mshipa hadi moyoni. Huingia mwilini, kwa hiyo hakifanywi kwa udadisi tu. Lakini hupima shinikizo moja kwa moja mahali penyewe, na mara nyingine hutumika hapo hapo kutibu.

Tahadhari moja: hospitali kuwa na mashine ya MRI si sawa na kuwa na MRI ya moyo. Moyo haukai kimya kama goti au uti wa mgongo. Panahitajika programu maalumu, mtaalamu aliyefunzwa kuupiga picha unapodunda, na daktari anayejua kuzisoma picha za moyo uliowahi kufanyiwa upasuaji. Kabla ya kulipa nauli na kusafiri, ulizeni kwa simu kwa maneno hayo hayo: "Je, mnafanya MRI ya moyo kwa mtu aliyezaliwa na kasoro na kufanyiwa upasuaji?"

Siku ya kipimo

Wengi huogopa kwa kutojua. MRI ya moyo huchukua karibu saa moja. Mgonjwa hulala ndani ya mashine yenye umbo la bomba, huvishwa vizibo vya masikio kwa sababu ya kelele, na huambiwa kupitia kipaza sauti azuie pumzi kwa sekunde chache, mara nyingi. Mazoezi ya kuzuia pumzi yanaweza kufanywa nyumbani wiki nzima kabla, na watoto huyapenda yakifanywa kama mchezo. Mtoto mdogo asiyeweza kutulia huenda akahitaji dawa ya usingizi, na hapo maelekezo ya kutokula kabla ya kipimo yafuatwe kikamilifu.

Sumaku haina utani na chuma. Dada na mama zetu waondoe pini zote za mtandio, vipuli na vibanio, kisha wajitande mtandio wa pamba usio na pini. Wana haki pia ya kuomba wahudumiwe na mtaalamu wa kike pale anapopatikana. Chochote cha chuma alichovalishwa mtoto kiunoni au shingoni kivuliwe. Nyaya zilizoshonea mfupa wa kifua na valvu nyingi za bandia kwa kawaida si kikwazo, ila betri ya moyo na vifaa vingine vilivyowekwa mwilini ni lazima vitajwe mapema, tena kwa karatasi ikiwezekana. Baadhi ya picha huhitaji dawa yenye gadoliniamu, na dawa hiyo huepukwa kwa mjamzito.

Posa, ndoa na ujauzito

Nukta hii ya mwisho ndiyo inayoamua kati ya uhai na mauti, nayo ndiyo inayofichwa zaidi.

Binti aliyetengenezwa moyo akiwa na miaka minne, leo ana ishirini na mbili. Posa imekuja. Wazee wanakaa na kuamua kwamba habari ya moyo isitajwe, maana "alishapona" na watu watakimbia. Kovu la kifuani linaelezwa kuwa la kuungua na maji ya moto. Binti anaolewa akiwa hajaonwa na daktari wa moyo kwa miaka kumi. Baada ya miezi michache anabeba ujauzito.

Hukumu ya kuficha aibu katika ndoa tunawaachia wenye elimu ya fiqhi. Sisi hapa twasema la mwili. Katika ujauzito, damu ya mwanamke huongezeka kwa takriban asilimia 40 hadi 50, na moyo lazima uisukume yote. Mwanamke aliyerekebishwa Tetralojia ya Fallot, ambaye moyo wake uko katika hali nzuri, kwa kawaida hubeba na kujifungua kwa salama akiwa chini ya uangalizi, na familia nyingi zingefurahi kulijua hilo. Lakini ikiwa chumba cha kulia kimetanuka sana na valvu inavuja vibaya, mzigo huo mpya unaweza kumletea kushindwa kwa moyo au mapigo yasiyo na mpangilio. Na yupo mwanamke wa aina nyingine kabisa: yule ambaye tundu lake halikuzibwa, au lilizibwa kwa kuchelewa, hata shinikizo katika mishipa ya mapafu likapanda na kubaki juu. Kwa huyo, ujauzito umewekwa katika daraja la juu kabisa la hatari, na madaktari humshauri asibebe mimba, kwa kuwa hatari ya kifo chake ni kubwa mno.

Wanawake hao wawili wanaweza kukaa katika jamvi moja la harusi, wote wakitabasamu, wote wakiwa na kovu lile lile, na wote familia zao zikisema "alishapona". Kinachowatenganisha ni picha. Eko na MRI kabla ya ndoa, au walau kabla ya kubeba mimba, humwambia mmoja, "Nenda kwa amani, rudi kwetu mapema utakapopata ujauzito," na humwambia mwingine neno gumu litakalomwokoa. Valvu ikihitajika, ni bora iwekwe kabla ya ujauzito kuliko kukimbizana na hatari katika mwezi wa saba. Pia wazazi watarajiwa wajue kwamba mtoto wao ana uwezekano mkubwa kidogo wa kuzaliwa na kasoro ya moyo kuliko mtoto mwingine, ingawa wengi wao huzaliwa salama. Kwa hiyo eko ya mtoto tumboni iombwe mapema.

Na mchumba asielemewe na hofu. Bwana harusi na wazazi wake wakielezwa kwa karatasi ya daktari iliyo wazi, huogopa kidogo kuliko wanapoyagundua wenyewe usiku wa manane katika wodi ya wazazi.

La kufanya kuanzia wiki hii

Tafuteni faili. Karatasi yenye thamani kuliko zote ni ripoti ya upasuaji: tundu lilikuwa wapi, lilizibwa kwa nini, valvu ilikatwa au ilihifadhiwa. Wengi waliofanyiwa ng'ambo wana karatasi hizo katika sanduku la mama, na mama akiondoka duniani huondoka nazo. Zipigeni picha, mzihifadhi katika simu za watu wawili au watatu, na mwenye moyo huo awe mmoja wao. Mtoto akifika umri wa kuelewa, aambiwe jina la ugonjwa wake kwa usahihi, si "tundu" tu.

Kisha mpelekeni kliniki ya moyo hata kama hana dalili. Mwenye Tetralojia ya Fallot iliyorekebishwa anapaswa kuonwa na daktari wa moyo kila mwaka maisha yake yote, na MRI ifanywe kila baada ya kipindi atakachopanga daktari. Muulizeni maswali matatu: Chumba cha kulia kina ukubwa gani leo? Kilikuwa na ukubwa gani mara iliyopita? Ni namba gani ikifikiwa tutachukua hatua? Majibu yaandikwe katika daftari. Anayeanza kuzimia, kusikia moyo ukienda mbio ghafla, au kuvimba miguu asingoje tarehe ya kliniki.

Mzazi uliyekesha hospitalini miaka ile, kazi yako haikuwa bure, na mwanao aliye hai ni ushahidi wake. Amana hiyo bado iko mikononi mwenu, na kuilinda sasa ni kazi nyepesi kuliko ile ya mwanzo: ni kumrudisha kliniki akiwa mzima ili abaki mzima.

Tukutane wiki ijayo, inshaallah. Wabillahi tawfiq.